Salama ya Barabarani: Muuza Magodoro na Swali Lililopigwa Marufuku

Kitendawili! Sema tega. Haya: hunibeba usiku kucha bila kunung'unika, lakini mgeni akija namfungia chumbani asionekane. Ni nani huyo?

Umesema mama? Umekosa. Punda? Punda halali chumbani. Basi nipe mji. Haya, mji nimeupokea, nimeuendea, nimekula, nimekunywa, nimerudi. Jibu ni godoro.

Kila nyumba inalo, na karibu kila nyumba inalionea haya. Mgeni ataonyeshwa kabati la vyombo, ataonyeshwa picha za harusi, atawashiwa feni apate hewa. Lakini na aseme tu, "Hebu nione mnapolala," atauona mlango wa chumbani unavyorudishwa taratibu kwa kisigino.

Sasa fikiria mtu ambaye mkate wake uko nyuma ya mlango huo.

Saa mbili na nusu asubuhi, mtu huyo amesimama mbele ya geti la bluu. Ni mama wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, mwenye hatua za haraka, na mtaa mzima unamwita Mama Umelalaje. Begani ana mkoba wa turubai. Ndani ya mkoba mna kipande cha godoro cha ukubwa wa tofali, futi ya kupimia, na daftari la shule ambalo jalada lake limeshikizwa kwa gundi ya karatasi.

"Hodi!"

Ndani cherehani inanguruma. Inanyamaza.

"Hodi, Fundi! Ni mimi."

Cherehani inaanza tena, safari hii kwa kasi kama inakimbizwa.

"Umesikia hiyo?" ananiuliza mimi mwandishi, macho yakiwa bado kwenye geti. "Hiyo ndiyo karibu yangu siku hizi. Leo siku ya tisa. Nina hasira mpaka viatu vinanibana."

Anangoja kidogo. Anapangusa vumbi kwenye komeo la geti kwa kidole, kama mtu anayefuta uso wa mtoto, kisha anageuka na kuondoka. Kesho atarudi.

Mama Umelalaje anauza magodoro mlango kwa mlango, na ni mwaka wa kumi na mbili sasa. Hana mshahara. Analipwa kwa kila godoro lililouzwa, na godoro moja zuri humpa kodi ya vyumba vyake viwili kwa wiki mbili.

"Nisipouza, basi nimefanya mazoezi," anasema.

Magodoro yenyewe habebi. Yako kwenye duka la kampuni, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na gari huyaleta mteja akishakubali. Yeye hubeba kile kipande tu, na swali.

Kazi hii hakuitafuta. Mumewe alikuwa mpakiaji mizigo kwenye maghala kwa miaka ishirini na miwili, akabeba magunia mpaka mgongo ukagoma. Godoro lao la zamani lilikuwa limebonyea katikati kama karai.

"Tukigombana usiku, kila mtu anageukia ukuta wake," anaeleza. "Ikifika alfajiri, tumeshaporomoka wote katikati. Watoto watatu tumewapata hivyo hivyo, kwa mteremko."

Mumewe, anayesikiliza akiwa ameketi mlangoni na kikombe chake, anakohoa. "Mambo mengine si ya gazeti, mke wangu."

"Wewe ulikuwa unalalamika?"

"Sikulalamika. Nasema tu si ya gazeti."

Alichanga miezi minane akanunua godoro la tano kwa sita, gumu, inchi nane. Asubuhi ya kwanza mumewe alisimama bila kushika ukuta. Mama huyu akajifunga kanga, akaenda dukani kwa miguu kuwashukuru waliomuuzia. Mwenye duka wa wakati ule akamsikiliza anavyosimulia, akamwambia, "Mama, hebu kawasimulie na wengine."

Akaenda kuwasimulia. Lakini haraka aligundua kwamba watu hawataki kusikia mgongo wa mume wa mtu. Wanataka mtu asikie mgongo wao.

Ndipo likazaliwa lile swali.

Akikaribishwa, hasemi godoro. Anakaa anapoonyeshwa, hata kama ni kwenye ndoo iliyopinduliwa, halafu anauliza, "Umelalaje?"

Ni salamu ya kila siku, na jibu lake kila mtu analo mdomoni kabla hajaulizwa. "Salama."

Hapo Mama Umelalaje hutabasamu. "Hiyo ni salama ya barabarani," humwambia. "Nipe ya chumbani."

Kisha hunyamaza. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, anasema, kule kunyamaza. Mwenyeji atacheka, atarekebisha kitambaa cha meza, ataita mtoto asiyekuwepo. Halafu ataanza. Mzee wa duka la rangi alimwambia mkono wake wa kulia hufa ganzi saa nane za usiku, akadhani ndio mwisho wake umeanza. Muuguzi wa nyumba ya ghorofa alimwambia hulala mchana, na jirani hutwanga sakafu juu ya kichwa chake.

Baada ya hapo mlango wa chumbani hufunguka wenyewe. Mama huyu huingia, hubonyeza godoro kwa ngumi, hupima, hunusa, wala hakunji uso.

"Mtu asiyekuonyesha kitanda chake hanunui godoro," anasema. "Ananunua bei. Na aliyenunua bei atalirudisha kesho, akiona ya jirani ni ndogo zaidi."

Kwa njia hiyo alikuwa akiuza magodoro manane, tisa kwa mwezi. Katika miaka kumi na miwili yaliyorudishwa ni mawili, na moja lilirudi kwa sababu halikupita ngazini.

Kila alichosikia alikiandika kwenye daftari jioni, asije akamuuliza mtu wa nyonga habari za shingo. Majina hakuandika. Aliandika: "Duka la rangi. Mkono wa kulia. Mto mwembamba." Ukurasa kwa nyumba, kurasa arobaini na sita.

Miezi minane iliyopita, kampuni ilileta meneja mpya wa mauzo.

Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, tai imenyooka kama rula. Wauzaji walimpa jina kabla hajamaliza wiki: Bwana Dakika. Kila muuzaji aligawiwa simu yenye mtambo wa kuonyesha ameingia nyumba gani na amekaa muda gani. Amri ikawa dakika nne kwa mlango, isizidi hata moja. Kila mtu akapewa karatasi ya maneno ya kukariri, kuanzia "Habari, nimekuletea ofa" mpaka "Utalipa vipi?"

"Mimi nilikuwa nasimama pale nabana pua kama redio," anasema muuzaji mwenzake ambaye kazini wanamwita Mrefu. "Nikifika kwenye neno ofa, mlango umeshafungwa. Nabaki namalizia ofa na kitasa."

Mkutano ambao Mama Umelalaje hatausahau ulifanyika asubuhi, dukani, wauzaji kumi na mmoja wakiwa wamesimama. Viti havikuwepo, na godoro la maonyesho, lile kubwa la sita kwa sita lililovikwa nailoni, ni marufuku kukaliwa.

Bwana Dakika aliinua simu yake.

"Mama, Jumanne uliingia nyumba moja ukakaa dakika hamsini na mbili. Ukauza nini?"

"Mto, bosi."

"Mito mingapi?"

"Mmoja."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alieleza, kwa sauti ya upole kama anafundisha watoto, kwamba mazoea na mteja ni anasa. Alisema wapo wauzaji wanaokwenda kuzungumza wakajiona wamefanya kazi, na hilo, Mama Umelalaje anakiri, ni kweli, wapo. Kisha akasema, "Watu wananunua bei. Hawanunui salamu."

"Bosi, ule mto ni wa tatu katika nyumba ile," mama akajibu. "Wa kwanza ulizaa magodoro manne. Dada yake, shemeji yake, mwalimu wa kwaya yao na mwenye nyumba wake."

"Kwenye simu yangu hilo halionekani."

"Litaonekanaje, bosi? Simu yako inahesabu nilivyokaa. Haihesabu nilivyoitwa tena."

Mama Umelalaje alikuwa amemkodolea macho meneja: kijana ana macho mekundu, na shingo anaigeuza pamoja na mabega. Kisha akaangalia godoro la maonyesho. Upande wa kushoto, chini ya nailoni, palikuwa na bonde dogo. Mtu wa kawaida asingeliona. Yeye analiona kama mpishi anavyoona wali uliokosa maji.

Akauliza, bila ubaya, kwa mazoea tu ya kazi:

"Bosi, samahani. Wewe umelalaje?"

Meneja alitazama saa.

"Tuendelee na ajenda," akasema.

Kesho yake karatasi ilibandikwa ukutani. Mama Umelalaje aliisoma akiwa amesimama, mkoba begani: ni marufuku muuzaji kumuuliza mteja maswali binafsi, likiwemo "umelalaje".

"Salamu!" anasema, na hapa anapiga meza mpaka kikombe cha mumewe kinaruka. "Salamu ya mama yangu na bibi yangu, imebandikwa ukutani kama wizi! Mtu hajanijibu, anakwenda kulipiga swali marufuku."

Alitii, kwa sababu kodi haijui marufuku. Mwezi uliofuata aliuza magodoro matatu. Mrefu aliuza moja, na hilo moja alimuuzia kaka yake mwenyewe.

Hapo ndipo Bwana Dakika alipolikumbuka daftari la Mama Umelalaje.

Alimwita mezani. Akasema kampuni inataka kuboresha huduma, hivyo kila kumbukumbu ya wateja ipigwe picha na kuhifadhiwa ofisini.

"Hili si la kampuni," mama akamwambia. "Daftari nimenunua kwa hela yangu."

"Na kalamu?"

Mama akaitazama kalamu iliyokuwa imechomekwa kwenye daftari. Ilikuwa na jina la kampuni ubavuni.

"Kalamu ni ya kampuni," meneja akasema. "Wino ni wa kampuni. Na wateja ni wa kampuni. Usipotoa, hizo nyumba tutampa mtu mwingine."

Alilitoa. Mpigaji simu wa ofisi, mwenye sauti tamu, alipiga picha kurasa zote arobaini na sita huku akitafuna jojo. Mama alisimama pembeni akitazama.

"Hapo nilikosea," anasema, na sauti yake inashuka. "Hapo sina wa kumsingizia. Niliogopa kupoteza mitaa, nikatoa vitanda vya watu."

Linalomchoma zaidi ni kwamba yule aliyesema salamu haziuzi, sasa alikuwa anataka mavuno ya salamu. Kukaa kwenye ndoo hakutaka. Kunyamaza hakutaka. Alitaka kile kilichosemwa baada ya kunyamaza, kisomwe na mtu asiyejua hata rangi ya geti.

Ukurasa wa thelathini na moja uliandikwa hivi: "Fundi, geti la bluu. Bwana kahama kitanda. Usiuze. Msikilize kwanza."

Fundi ni mshonaji wa nguo za wanawake, na ukurasa ule ni habari zake kwa mwandiko wa mwenzake. Alikuwa amemwambia Mama Umelalaje, huku yeye Fundi amekaa ukingoni mwa kitanda chake na sindano mdomoni, kwamba mumewe analala kwenye kochi la sebuleni mwezi wa saba sasa. Wageni huambiwa anapenda mpira wa usiku. Hakuna aliyejua, hata dada yake tumbo moja.

Mama huyu hakuuza kitu siku ile. Hata mto. Alikaa saa nzima, akashika upindo wa gauni lililokuwa linashonwa, akasikiliza.

Mpigaji simu alisoma "Bwana kahama kitanda" na akaona biashara. Maneno "Usiuze" aliyaona pia, ameeleza baadaye, lakini alidhani mama anajiwekea mteja wake pembeni.

Namba ya simu iliyokuwepo ofisini kwa nyumba ile ilikuwa ya mume.

"Habari za asubuhi, mzee," ilisema ile sauti tamu. "Tumepata taarifa kwamba umehama kitanda. Tunayo ofa ya tatu kwa sita, ya mtu mmoja. Tukuletee?"

Mume, mtu mzima, yuko kazini, wenzake wako pembeni, anaambiwa na mtoto wa mtu habari za kitanda chake. Kisha, kwa hasira ya kutaka kumkomoa aliyesema, akajibu, "Leteni."

Gari lilifika saa kumi jioni, watu wote wakiwa nje. Godoro la tatu kwa sita lilishushwa, likasimamishwa kwa mbavu, likaingia geti la bluu mbele ya macho ya mtaa mzima. Mtaa unajua kuhesabu. Nyumba ya watu wawili, godoro la mtu mmoja.

Asubuhi yake Mama Umelalaje alikuwa anapita, hana habari, kipande chake mkobani. Fundi alitoka na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Shoga! Kitanda changu kimekuwa tangazo?"

"Fundi, kuna nini?"

"Nilikuambia wewe! Sikuiambia kampuni! Nilikuambia wewe uliyekaa pale, ukashika upindo!"

"Fundi, nisikilize..."

"Nikusikilize mara ngapi? Wewe ndiye uliyekuwa unasikiliza. Kumbe ulikuwa unachota!" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Unajua mmenifanyia nini? Kochi ni la muda. Mtu akichoka kochi, mgongo ukimuuma, iko siku anarudi. Nilikuwa nangoja hiyo siku. Nyinyi mmempa godoro. Mmempa pa kukaa!"

Geti likabamizwa kwa nguvu mpaka rangi ikadondoka.

Mama Umelalaje anasema amewahi kutukanwa, amewahi kufukuzwa na mbwa, amewahi kumwagiwa maji ya kuoshea samaki. Hayo yote aliyasimulia nyumbani akicheka. Hili hakulisimulia. Alikaa kitandani, juu ya lile tano kwa sita lililomponya mumewe, akakaa mpaka mumewe akamuuliza, "Leo huniulizi nimelalaje?"

"Nikikuuliza utaniambia?"

"Nitakuambia. Halafu utakwenda kumvuta yule bosi wako sikio."

Habari ilienea kuliko gari la matangazo. Kila muuzaji alipopiga hodi alijibiwa kwa ndani, "Nyinyi si ndio mnaotangaza vitanda vya watu?" Mzee wa duka la rangi, mteja wa miaka tisa, alimwona Mama Umelalaje akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Kwa wiki nzima wauzaji wote kumi na mmoja waliuza magodoro mawili, na matatu yaliyokuwa yameagizwa yakakataliwa.

Siku ya tisa, baada ya ile cherehani kumjibu kwa kasi, mama huyu hakwenda mtaa mwingine. Alikwenda dukani moja kwa moja, akapanda ngazi, akatoa kile kipande cha godoro mkobani akakipiga juu ya meza ya Bwana Dakika. Kipande cha godoro hakina kishindo. Kiliruka tu, kikaangusha kikombe cha kalamu.

"Hizo kalamu zako hizo, okota zote!" alimwambia. "Wino wako, karatasi yako ya ukutani, simu yako, chukua. Yule mama ni wa nani? Na yeye ni wa kampuni?"

"Mama, tulia kwanza, tunaandaa mkakati wa..."

"Usiniambie mkakati! Ulisema salamu haziuzi. Ukaja kuiba majibu ya salamu. Mwizi wa kuku angalau kuku anamjua rangi!"

Mrefu, aliyekuwa ngazini, anasema alitamani kupiga makofi, akaogopa, akapiga paja.

Mama alitoa masharti mawili. La kwanza, picha zote zifutwe mbele ya macho yake. Lilitekelezwa saa ile ile. Alisimama nyuma ya mpigaji simu akahesabu kwa sauti, moja mpaka arobaini na sita. Mpigaji simu alitema jojo yake kwenye karatasi, akafuta huku ameinamisha kichwa.

La pili, Bwana Dakika aende naye geti la bluu kwa miguu yake. Hilo meneja alilikubali haraka, na Mama Umelalaje hajidanganyi kuhusu sababu.

"Hakuja kwa huruma," anasema. "Mauzo yalikuwa yamekufa. Lakini mtu akiletwa mlangoni na njaa, bado ameletwa mlangoni."

Yeye mwenyewe anataka nini? Cheo hataki. Ameshanunua daftari jipya, na kalamu ya hela yake. Humo ataandika nyumba na kipimo tu: tano kwa sita, inchi nane, basi. "Mengine yanakaa hapa," anasema akigonga kichwa. "Hapa hapapigwi picha." Kama kampuni haitamrudishia swali lake, ataondoka nalo, atauza hata mito ya kushona mwenyewe.

"Lakini kabla ya hayo yote nataka kitu kimoja," anasema. "Nipige hodi pale, na Fundi aniitikie. Asifungue. Aniitikie tu."

Siku ya kumi, saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya geti la bluu wamesimama wawili. Bwana Dakika ana karatasi mkononi na mito miwili ya zawadi kwapani, ndani ya nailoni yake.

"Usianze na mito," Mama Umelalaje anamwonya. "Piga hodi. Kisha nyamaza."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka uitikiwe."

"Na nisipoitikiwa?"

"Basi utakuwa umenyamaza. Kuna ubaya gani?"

Bwana Dakika anapiga hodi. Sauti yake inatoka nyembamba. Ndani cherehani inasimama, na haianzi tena. Kandambili zinaburuzwa mpaka nyuma ya geti, zinakoma hapo. Komeo halisogei.

"Shoga, wewe na nani?" Ni sauti ya Fundi.

Mama Umelalaje anafumba macho. Ameitikiwa.

"Mimi na bosi wangu, Fundi. Mwenye ile amri ya simu."

"Anataka nini?"

"Kaja kuomba radhi."

"Aombe. Nasikia."

Bwana Dakika anakunjua karatasi. "Kampuni inasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza..."

"Kampuni ina kitanda?"

Anasita. "Samahani?"

"Nakuuliza wewe mwenye karatasi. Kampuni inalala?"

"Hapana, mama."

"Basi ikunje hiyo karatasi, useme wewe."

Anaikunja. Anaikunja tena, ikawa ndogo kama tiketi. "Nimekosa, mama," anasema. "Amri niliitoa mimi. Huyu mama alikataa."

"Nilikataa, halafu nikatoa," anasema Mama Umelalaje. "Usinipunguzie. Fundi, nilitoa daftari kwa mkono wangu. Nimekosa."

Ng'ambo ya barabara ufagio umesimama. Mzee wa duka la rangi ametoka na kikombe chake na kiti chake, na kiti leo hakitazami ukuta.

"Wanatazama?" Fundi anauliza.

"Wanatazama."

"Wengi?"

"Wa kutosha."

"Ndivyo nilivyotazamwa mimi, godoro likiingia kwa mbavu." Sauti haina machozi leo, ina makali tu. "Ya chumbani kwangu yalitolewa barabarani. Sasa shoga, lile swali lako. Muulize yeye. Hapo hapo mlipo."

Mama Umelalaje anamgeukia meneja. Ni miezi tangu alipomuuliza mara ya kwanza, naye akakimbilia kwenye ajenda. Karatasi ya marufuku bado iko ukutani dukani.

"Bosi, umelalaje?"

"Salama."

"Hiyo ni ya barabarani!" Ni Fundi, nyuma ya geti, kabla mwenzake hajafungua mdomo.

Mama Umelalaje anachukua daftari jipya lililokuwa mkononi, na kalamu, anavitia mkobani, anaufunga mkoba. Hasemi kitu. Anamtazama meneja, ananyamaza kama anavyonyamaza kwenye ndoo za watu.

Bwana Dakika anatazama saa yake, halafu anaona haya, anaushusha mkono. Dakika moja inapita, na ya pili. Anatazama ufagio ule, anatazama kiatu chake. Ya tatu, ya nne. Hakuna anayemsaidia. Ya tano inaanza, na mito kwapani mwake inalia ndani ya nailoni.

"Vibaya, mama," anasema, akiliambia geti. "Nalala dukani. Kwenye lile la maonyesho, sita kwa sita, peke yangu. Hata nailoni sijaitoa. Nikijigeuza, linalia chumba kizima."